Picha ya Lulu Ilikuwepo

Kwako Wangari, mwenye jina langu,

Mimi niko salama. Wewe pia uko salama, maana nimekuona asubuhi hii hii ukipanda bodaboda, mgongo umenyooka kama bibi harusi, ukienda Thika kusukwa. Kwa hivyo mambo ya salamu tuyaache hapo, karatasi yenyewe si nyingi.

Nilikushauri usukwe zile nyembamba zinazokula mchana mzima. Ulifikiri nataka upendeze huko unakokwenda. Nataka upendeze, lakini pia nilitaka uondoke hapa, nipate kuandika bila mtu kuchungulia juu ya bega la nyanya yake akisema, "Cucu, hapo weka l."

Mambo ya kula na kufua sitayaandika. Mama yako amekueleza kwa simu mpaka simu ikazima. Na ninajua unaenda Ruiru, si Ulaya. Kutoka Gatuanyaga hadi Ruiru mtu anaweza kwenda na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Lakini mtu huondoka kwao mara moja tu, hata akihamia hapo nyuma ya choo.

Kilichonishikisha kalamu ni begi lako. Nimelifungua. Kasirika kisha uendelee kusoma. Nimekuta magauni matatu, sweta moja na viatu ulivyovaa Jumapili. Zile nguo nyingine zote ziko kabatini, zimekunjwa vizuri kama za mtu anayejua atarudi Ijumaa. Ofisi imekuita yenyewe, imekupa miezi mitatu ya majaribio, na wewe umefunga nguo za wiki moja. Ndipo nikakumbuka yale niliyosikia juzi, ukiongea na rafiki yako kwa simu huko nyuma ya jikoni: "Wakiniuliza kama naweza kazi ya mafaili nitawaambia ukweli, siwezi. Code yangu inajibu vile inataka."

Wangari, code yako haikujibu vile inataka. Ilijibu ukweli. Aliyejibu vile anataka ni mimi. Kaa chini nikueleze, na usiruke mistari.

Unajua sikusoma. Wenzangu walipokuwa wakienda shule, mimi nilikuwa naenda nyuma ya ng'ombe wa baba, na ng'ombe hawakufundishi kitu ila kuamka mapema. Aliyenifundisha herufi ni wewe, ukiwa darasa la pili. Ulikuwa unarudi na kitabu chako, unanikalisha kwenye kile kigoda, na nikikosea unanichapa vidole kwa mwiko. Nilijifunza haraka kwa sababu ya huo mwiko. Nikazishika zote isipokuwa mbili, l na r. Kwangu mimi hiyo ni herufi moja yenye majina mawili, kama mtu aliyebatizwa ukubwani. Ulikuwa ukinieleza, "Cucu, kwa l ulimi unagusa juu, kwa r unatetemeka." Ulimi wangu una miaka yake. Hautetemeki kwa amri ya mtoto. Neno ambalo sijawahi kukosea ni Ruiru, kwa sababu halina l hata moja. Kwa hivyo nenda tu, ni mji ninaoweza kuuandika.

Ukamaliza chuo, ukaja na kompyuta, ukakaa nayo kwenye meza na mimi kando yako nikipukuchua mahindi. Kila nilichouliza ulinijibu. Hukunidharau hata siku moja, na hilo sijakusahaulia. Ulinieleza kwamba hiyo lugha inaitwa PHP, na kwamba haikai humu kwetu, inakaa mbali kwenye mashine kubwa inayoitwa seva, na mtu akifungua ukurasa kwa simu yake ndipo inaamka kufanya kazi.

"Sasa hapa," ukasema, "kabla sijamwonyesha mtu picha, naiuliza seva, hii faili ipo? Ikisema ipo, naionyesha. Ikisema haipo, naandika Picha haipo, ili ukurasa usivunjike mbele ya watu."

Ukanionyesha swali lenyewe linavyoandikwa, file_exists. Nikalifuata kwa kidole, nikasema "fairi," ukacheka.

Nikakuuliza, "Na ikisema ipo, unaamini tu?"

"Ndiyo."

Nilicheka mpaka mahindi yakamwagika. Nikakupa habari za marehemu Guka wako, mume wangu. Nilikuwa nikitoka shambani na njaa, niko mbali bado, napiga kelele, "Kuna chakula?" Naye anajibu, "Sufuria iko!" Nakuja mbio, nafunua, ndani nakuta mwiko peke yake. Na hakuwa amedanganya. Sufuria ilikuwepo.

Wewe ukaacha kucheka. "Cucu," ukasema, "hiyo ni folda."

Ukanieleza kwamba hata file_exists ukiipa jina la folda itakujibu ipo, kwa hivyo kuna swali lingine la kuuliza kama ni faili yenyewe. Na kuna la uzito, maana faili inaweza kuwepo na ndani ni tupu. Na kuna la kama unaruhusiwa kuisoma. Nikakwambia hayo ndiyo maswali niliyotakiwa kumuuliza Guka wako kabla ya harusi. Mimi niliangalia kama yupo. Alikuwepo, mrefu, na ng'ombe sita nyuma yake. Sikuuliza ng'ombe ni wa nani. Walikuwa wa kaka yake, ametumwa kuwanywesha maji. Ukaniambia, "Hata hilo liko, Cucu. Kuna swali la kuuliza mwenye faili ni nani." Basi waliotengeneza hiyo PHP waliwahi kuolewa.

Lakini Guka wako simlaumu. Sufuria ilikuwa tupu siku nyingi, yeye mwenyewe hakuwa mtupu hata siku moja. Hilo nililijua kwa kukaa naye. Hakuna swali lingenijibu haraka zaidi.

Sasa tufike kwa mbuzi.

Kikundi chetu cha mbuzi wa maziwa kilipokuomba ukitengenezee ukurasa, uliupanga vizuri, kila mbuzi na picha yake, na jina la picha ni jina la mbuzi. Uliwapiga picha wote isipokuwa Lulu wangu, kwa sababu siku hiyo alikuwa ametoroka. Kesho yake nilimpiga mimi kwa simu yako. Ukanionyesha jinsi ya kuiweka picha kwenye kompyuta, ukaenda kuchota maji, nami nikabaki kuandika jina kwa kidole kimoja. Lilikuwa neno langu la kwanza kwenye mashine. Nilijiona karani mkubwa. Uliporudi ukaipeleka folda nzima kwenye seva bila kuangalia, kwa sababu uliniamini.

Ikafika ile Jumamosi. Ukumbi wa kanisa umejaa, na yule mama mstaafu wa mtaa wa Kahawa Sukari amekuja kuchagua mbuzi wa kununua. Wewe uko mbele, umeunganisha kompyuta na televisheni ya kanisa. Mbuzi wanapita mmoja mmoja. Akapita Tamu, mbuzi wa jirani yetu Mama Mutuku, anang'aa kama amepakwa mafuta. Baada yake ilikuwa zamu ya Lulu wangu. Tukaona sanduku jeupe, na ndani yake maneno mawili: Picha haipo.

Nikasimama. Unanijua nikisimama.

"Mama Mutuku! Umeniibia mbuzi!"

Mama Mutuku, ambaye ni katibu wa kikundi, akavua miwani. "Mbuzi gani? Si yako iko hapo nje inakula maua ya pasta?"

Ilikuwa kweli. Kila mtu aligeuka dirishani akamwona, na ua jekundu mdomoni.

"Si hiyo ya nje! Ile ya ndani! Wewe ndiye una password ya kikundi!"

"Mama Wanjilu, hiyo passwadi niliandika kwa kalatasi, na kalatasi nikapoteza," akanijibu, jina la mama yako amelitia l yake.

"Sasa nani ametoa Ruru?"

"Anaitwa Lulu," akasema, na akakaa.

Ukumbi mzima ulicheka, na pasta alicheka kabla ya kukumbuka maua yake. Yule mama wa Kahawa Sukari akaondoka na Tamu. Nawe ukasimama pale mbele, mikono imekushinda pa kuiweka, ukasema kwa sauti ndogo, "Msigombane. Kosa ni yangu. Ni code."

Mpaka hapo mimi sikuwa nimekukosea kwa kujua. Nilikuwa na mdomo tu, na huo ninao tangu nizaliwe.

Siku tatu ulikaa kwenye hiyo kompyuta. Chai ilikuwa inapoa, napasha, inapoa tena. Uliiuliza seva kila swali unalolijua. Ipo? Haipo. Mwishowe ukafungua orodha ya mafaili yaliyo huko, ukayapitia na kidole juu ya kioo. "Cucu, hebu ona. Zote ziko. Tamu iko, Kadogo iko, hata ya Lulu iko, hii hapa, naiona na macho yangu! Kwa nini inaniambia haipo?"

Nikachungulia. Nikaiona mara moja. Pale chini ya kidole chako palikuwa pameandikwa ruru.jpg.

Wewe hukuiona kwa sababu umelelewa na mimi. Maisha yako yote humu ndani mbuzi huyo ni Ruru, kulala ni kurara, na ukigonjeka nakupereka hospitari. Jicho lako likifika kwenye r yangu linasoma l lenyewe, bila kukuuliza. Umezoea kunisamehe mpaka hujui unasamehe. Mashine haikulelewa hapa. Kwake ruru ni ruru, na lulu hayupo. Hiyo code yako ilikuwa mtu pekee katika jambo hili lote aliyesema kitu kama kilivyo. Yeye na Mama Mutuku.

Ningesema hapo hapo. Mdomo niliufungua. Kisha nikauona ule ukumbi wote, nikamwona Mama Mutuku akivua miwani, nikaufunga. Ulipotoka kwenda dukani ukaacha hiyo orodha wazi. Nikabonyeza jina kama ulivyonionyesha, nikalifuta, nikaandika upya nikiwa nimeuma ulimi, l, u, l, u. Ulirudi ukafungua ukurasa, na Lulu huyo hapo, na kamba shingoni.

Nilingoja ufurahi. Hukufurahi. Uliitazama ile picha kama mtu aliyeona nyoka jikoni.

"Cucu, mimi sijagusa kitu," ukasema. "Kitu ikijitengeneza yenyewe, kesho itajiharibu yenyewe."

Nami nikakujibu, "Mungu ni mwema."

Nilimsingizia Mungu, Wangari.

Na si mara yangu ya kwanza kuficha kosa langu. Mama yako alipomaliza darasa la nane, mwalimu alipita hapa akaniachia karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kumwita shule ya sekondari ya bweni, nyingine tangazo la mbegu. Mimi sikujua ni ipi na ni ipi. Nikaona moja ina picha ya mahindi ya rangi, inapendeza, nikasema hiyo ndiyo ya maana, nikaiweka ndani ya Biblia. Ile yenye maandishi meusi matupu nikawashia moto. Jioni mama yako akauliza, "Maitu, barua yangu imekuja?" Nikamwambia ipo. Akafungua Biblia akakuta mahindi. Nikatazama jikoni, nikajua majivu yale ni ya nini, nikasema basi labda haijakuja. Akaamini hakuitwa. Akaenda shule ya kutwa ya hapa karibu, na kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia watu kwamba hakupita vizuri. Nilimweleza ukweli siku ya harusi yake, nikidhani ni jambo la kuchekesha. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, "Miaka yote hiyo, Maitu?"

Kuichoma barua nilichoma kwa sababu sikujua kusoma. Kunyamaza hakukuwa na uhusiano na kusoma. Na sasa ninajua kusoma, wewe umenifundisha, na nimenyamaza tena. Kwa hivyo usije ukamwambia mtu kwamba cucu wako ni hivi kwa sababu hakuenda shule.

Hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kwa Mama Mutuku. Nimeona siwezi kukuandikia wewe kabla sijamwambia yeye, kwa sababu yuko karibu na ni mgumu zaidi. Nimemkuta anachambua mboga.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Ni yule niliiba mbuzi yake?"

"Nimekuja kukwambia hukuiba."

"Hiyo mimi nilikuwa najua. Sikuwa nangoja habali."

Nikamweleza yote, kuhusu ruru na lulu na kidole changu kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akaweka sahani chini na kucheka, Wangari, alicheka mpaka akashika mlango. "Yaani wewe unanipigia kelele mbele ya pasta kwa sababu ya l? Si ungekuja nikupe? Mimi niko nazo nyingi!"

Na ni kweli. Yeye ni Mkamba, anazo l za kutosha kijiji kizima, kinachomshinda ni r. Nikamwomba msamaha, akasema amenisamehe, lakini siku ya kikundi nitasimama niseme mwenyewe, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile. Nikakubali. Kisha akaniuliza, "Na mtoto umemwambia?"

"Namwandikia."

"Leta nione hizo l zako."

Nikamletea. Tumekaa mlangoni kwake tukiipitia barua neno kwa neno, yeye akilinda l na mimi nikilinda r. Kwa hivyo ukiona mahali pamefutwa, hapo amepita Mama Mutuku. Na ukiona "kalatasi," usinilaumu mimi. Hapo nilisinzia zamu yangu.

Sasa ujue hili. Uliuliza swali sawa, kwa njia sawa, ukapewa jibu la kweli, na siku zote hizo umekuwa ukijilaumu kwa ukweli wa mashine na uwongo wa nyanya yako. Huko Ruiru utakosea, na mengi. Yatakuwa makosa yako, utayapata mwenyewe na kuyatengeneza mwenyewe. Lakini hutaanza kazi ukibeba la kwangu. La kwangu nimelichukua, liko hapa, nitalisimamisha ukumbini. Na siku faili itakapokwambia haipo na wewe unaiona kwa macho, usigombane na seva. Tafuta ni nani aliyeandika jina, na mama yake alikuwa anaongea namna gani.

Begi nimelifunga upya. Nimetia nguo zako zote, na ile blanketi ya Guka, na mwiko. Ule ule ulionichapa nao. Halifungi tena, itabidi ulikalie. Ukifika usiku huu na nywele zako, usilifungue kutoa kitu.

Limebaki moja, ulinieleza wewe ukifikiri sisikilizi kwa sababu nilikuwa nahesabu magunzi. Ulisema hiyo PHP, katika kazi moja, ikiuliza kitu ikajibiwa hakipo, hailishiki hilo jibu. Ukiiuliza tena inakwenda kuangalia upya. Lakini ikishajibiwa kipo, inakumbuka, na ukiuliza tena inakujibu kipo bila kunyanyuka, hata kama mtu mwingine amekiondoa zamani, mpaka uilazimishe isahau iende ikaone. Nilikaa nalo sana hilo. Mimi nilikuwa kinyume. Neno baya nililoambiwa kuhusu Mama Mutuku, kwamba si wa kuaminiwa, nililikumbuka miaka na miaka na sikwenda kuangalia hata mara moja, na kumbe ni mtu wa kucheka akishika mlango.

Wewe nakuomba usifanye hivyo kwangu. Utakuwa huko na kazi zako, mtu atakuuliza, "Cucu wako yuko?" nawe utajibu yuko, kwa sababu mwezi uliopita ulimwacha akipukuchua mahindi. Hilo litakuwa jibu la zamani. Ruiru ni hapo tu, nimekwambia habari ya maharagwe. Usikumbuke kwamba nipo. Njoo uangalie.

Ni mimi, mwenye jina lako, ila niko kwenye folda ya Gatuanyaga,

Wangari